Kikulacho ki Nguoni Mwako

Msomaji, hapana kitu kilicho karibu na mtu kuliko ngozi yake, wala hapana vitu tunavyovihoji kidogo kuliko vile viigusavyo ngozi hiyo kila siku. Maji tunayachemsha, chakula tunakichambua, na njia tusiyoijua tunaiuliza. Lakini sabuni, mafuta ya kujipaka, mshipi, viatu na herini huingia katika maisha yetu bila kupiga hodi, navyo huhesabiwa kuwa wenyeji. Mimi nilichukua miaka 13 kumjua adui aliyekuwa akinila. Muda wote huo alikaa juu ya sanduku langu, ndani ya kopo lenye picha ya ua la waridi, na kila asubuhi nilimfungulia kifuniko kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilizaliwa katika kijiji kisicho mbali na soko la Chwele, katika nchi ya Bungoma. Mama yangu alikuwa akiuza vitunguu sokoni hapo. Mwanzoni mwa mwaka 1986 niliitwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huko Kitale, na pamoja na barua ile ilikuja orodha ndefu ya vitu: godoro, blanketi, ndoo, karai, sabuni za kipande, dawa ya viatu, na kadhalika. Mama aliuza vitunguu vyote alivyokuwa navyo, akakopa na vingine akaviuza, hata orodha ikatimia. Kisha, nilipodhani kwamba mambo yamekwisha, akatoa katika kitambaa chake kopo moja ambalo halikuandikwa katika orodha yo yote. Lilikuwa kopo la mafuta ya mgando, yale ambayo madukani huitwa jeli, nayo yalinukia waridi.

"Mwanangu," aliniambia, "huko utakaa na watoto wa watu. Sitaki unuke moshi wa jikoni kwetu."

Nakuomba uyashike maneno hayo, maana nitayarudia.

Basi lilitupeleka hata Webuye, ambako harufu ya kiwanda cha karatasi iliingia madirishani ikawafanya abiria wote wajizibe pua. Mimi nilifungua kopo langu nikanusa waridi, nikajiona mtu mwenye bahati kuliko wote waliokuwamo. Toka hapo tulipanda polepole kupitia Kiminini hata Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambako asubuhi ni za baridi na ngozi ya mtu aliyezoea joto la Bungoma hupauka upesi. Kwa hiyo nilijipaka sana.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Katika muhula wa pili nilianza kuwashwa shingoni, kisha nyuma ya magoti, kisha kope za macho zikavimba hata asubuhi moja nilikwenda darasani nikiona kwa jicho moja. Vipele vidogo vyenye maji vilitokea mikononi. Vilipopasuka viliacha magamba na mipasuko. Katika vitabu nilisoma baadaye kwamba ngozi iliyoshikwa na maradhi haya huwa nyekundu. Ngozi nyeupe, bila shaka! Yangu haikuwa nyekundu hata siku moja. Ilikuwa nyeusi zaidi, yenye rangi ya zambarau iliyochanganyika na majivu, na hata ilipopona iliacha mabaka meusi yaliyokaa miezi. Nalisema hili kwa sababu wako watu waliopimwa kwa macho yanayotafuta wekundu, wakaambiwa kwamba hawana kitu.

Bwenini habari ilienea upesi. Msichana mmoja alisema ni upele, mwingine akasema ni ukoma, na wa tatu, ambaye baba yake alikuwa mtu mkubwa, akasema kwa upole sana, "Tafadhali usiweke karai lako karibu na letu." Upole ule uliniumiza kuliko tusi. Nikahamishiwa kitanda cha mlangoni. Nikaitwa Kenge. Jina hilo lilinifuata miaka minne, na walioniita hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu tu, na hofu isiyo na maarifa haina adabu. Maradhi yangu hayakuwa ya kuambukiza. Hayawezi kutoka kwa mtu hata kumwendea mtu mwingine, kama vile kilema hakiwezi kuambukiza jirani. Lakini nani alijua? Mimi mwenyewe nilikuwa nikinawa mara mbili kwa dawa kali ya kuulia vijidudu, ngozi ikazidi kuungua, na baada ya kunawa nilituliza moto ule kwa kujipaka mafuta ya mama.

Hapa sina budi kukueleza jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana bila ya kuyajua utamtuhumu asiye na hatia kama nilivyofanya.

Iko namna mbili za ngozi kudhuriwa na kitu kinachoigusa. Ya kwanza ni kuchomwa. Sabuni kali, magadi, au maji ya saruji humchoma mtu ye yote akikaa navyo vya kutosha. Namna ya pili ni mzio. Katika mzio kitu kisichomdhuru jirani yako hata kidogo huwa adui kwako peke yako, kwa sababu mwili wako umekitia katika orodha ya maadui. Chembe za kitu hicho hupenya katika ngozi, nazo chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hukamata sura yake na kuihifadhi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mara nyingi mtu hutumia kitu kwa miezi au miaka kabla mwili haujakichukia. Ndiyo maana maneno yale tuyasemayo sote, "Haiwezi kuwa hii, nimeitumia siku zote," hayana nguvu yo yote mbele ya mzio. Ni vitu vile ulivyovitumia siku zote ambavyo mwili umepata nafasi ya kuvisoma.

Tena askari hao hawapigani papo hapo. Ukigusa leo, utawashwa kesho, au keshokutwa, au siku ya tatu. Wakati huo umekwisha kula maharage, umefua shuka, umenyeshewa na mvua, nawe huchukua lile lililo karibu na kulihukumu. Mimi niliyahukumu maharage ya shule nikaacha kuyala kwa muhula mzima, nikakonda bure. Kisha nikaihukumu baridi ya Kitale. Na askari wakisha kukariri sura ya adui, aghalabu hawaisahau mpaka mtu anakufa.

Katika likizo moja ya Agosti nilikwenda kukaa kwa nyanya yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu. Kopo langu nililisahau nyumbani. Kukhu alinipaka samli, kitu ambacho hakikuwa na waridi wala picha, nacho kilininukisha kama ndama. Baada ya wiki tatu mikono yangu ilikuwa laini. Msomaji, jawabu lilikuwa limewekwa mbele yangu kama sahani ya ugali! Lakini sikuliona. Kukhu alisema ni maombi yake, mama akasema ni joto la nyumbani, mimi nikakubali yote mawili. Niliporudi Kitale mama alikuwa ameninunulia kopo jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Waweza kuniuliza kwa nini sikuyashuku mafuta. Nami hujiuliza. Sababu moja ni kwamba yalituliza mwasho kwa saa moja au mbili. Sababu nyingine ni kwamba yalitoka kwa mama.

Nilimaliza shule, nikasomea ualimu, nikapangiwa kufundisha papo hapo Kitale. Mikono ikaendelea. Chaki iliikausha zaidi, na nikawa mtu asiyetoa mkono. Wewe uliyelelewa katika nchi yetu wajua maana ya jambo hilo: katika matanga watu hupanga mstari kuwapa wafiwa mkono, nami nilisimama kando nikiwa nimefumbata leso, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akisema kwamba mwalimu huyu ana kiburi. Nilitamani kumgeukia nikamwonyesha. Sikumgeukia.

Mwaka 1999 nilipokuwa likizoni nilikwenda katika kituo cha afya karibu na mji wa Bungoma kwa ajili ya homa. Tabibu aliyekuwapo alikuwa kijana aliyesomea maradhi ya ngozi huko Moshi, Tanzania, katika chuo kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika kazi hiyo. Aliniandikia dawa ya homa, kisha akaitazama mikono yangu akaniuliza ilianza lini. Nikaanza habari za maharage.

"Mwalimu," akanikatiza, "wanipa habari za tumbo, mimi nakuuliza habari za ngozi. Tangu ulipoamka leo hata kufika hapa, ni nini kimekugusa?"

Nikaanza kuhesabu. Shuka, na sabuni iliyofulia shuka. Maji. Sabuni ya kuogea. Dawa ya meno. Taulo. Mafuta. Herini. Saa. Kifungo cha chuma cha sketi. Viatu, na dawa ya viatu. Nilipofika kumi na tisa nilikuwa bado sijanywa chai.

"Sasa," akasema, "kuna ambavyo vyaweza kuwa adui, na hatuwezi kuvifukuza vyote kwa siku moja kwa kubahatisha. Tuviondoe karibu vyote, tungoje ngozi itulie, kisha tuvirudishe kimoja kimoja. Nunua daftari."

Kwa wiki tatu nilioga kwa maji na sabuni kidogo tu mahali palipohitaji sabuni, nikavua herini na saa, nikajipaka mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu yo yote aliyonipimia katika kichupa. Nilishangaa kwamba amenipa mafuta ya namna ile ile ya mama, akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba mgando mweupe wenyewe ni katika vitu visivyo na madhara kabisa kwa ngozi, hata madaktari wanapotaka kupima mzio huvichanganya na mgando huo vitu vingi wanavyovipima, maana wanajua wenyewe hautasema neno. Aliye na hatia, kama yupo, ni mgeni aliyetiwa ndani yake.

Wiki ya tatu mikono yangu ilikuwa mizima. Katika wiki ya nne nilijipaka mafuta ya waridi ndani ya kiwiko, mahali penye upana wa sarafu, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza hapakuwa na kitu. Siku ya pili, kimya. Siku ya nne pakawasha, na siku ya tano palikuwa na vipele vile vile nilivyovijua tangu kidato cha kwanza, vimejipanga katika duara. Nilikaa kitandani nikavitazama, nikalia, na sikujua kama nalia kwa furaha au kwa ajili ya mama.

Usidhani kwamba baada ya kumjua adui kazi ilikuwa imekwisha. Sasa ilibidi kutafuta vitu ambavyo hayumo, na manukato yako kila mahali. Niliingia duka baada ya duka mjini Kitale. Mwenye duka mmoja, mtu mwema, alinipa mafuta ya watoto wachanga akasema, "Chukua hii, mwalimu, ni ya watoto, haina neno." Ilikuwa na manukato kuliko bibi harusi. Mwingine alinipa sabuni ya majani iliyoandikwa kwamba ni ya asili tupu. Nami nakuambia, ewe kijana, neno "asili" lisikulevye: waridi ni asili, mdalasini ni asili, karafuu ni asili, na mafuta ya vitu hivyo ni katika manukato yanayoamsha mizio. Ngozi haiulizi kama kitu kimetoka shambani au kiwandani. Wa tatu alinipa kitu kilichoandikwa kwamba hakina harufu, na kumbe mara nyingine hutiwa harufu moja ili kuifunika nyingine, hata pua isisikie kitu.

Basi nikajifunza kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya kopo, yale ambayo mtengenezaji huyaandika kama mtu anayenong'ona. Nilinunua kioo cha kukuzia kwa ajili hiyo. Neno "parfum" au "fragrance" likiwamo, narudisha. Na mwaka 2003 sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya iliagiza vitu 26 vya manukato vitajwe kwa majina yao katika vipodozi vikipita kiasi fulani, kwa hiyo katika bidhaa zitokazo huko huonekana majina kama "linalool", "geraniol" na "eugenol". Kwa mtu wa kawaida ni maneno ya kuchosha. Kwangu mimi ni kama majina ya wezi yaliyobandikwa penye kituo cha polisi.

Jambo la pili nililojifunza ni kutazama kama mna maji. Kitu chenye maji ndani yake, kama sabuni ya maji au losheni, huoza upesi, na kwa hiyo hutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa hizo nazo huamsha mizio. Moja iitwayo methilisothiazolinoni ilienea katika miaka ya 2000 na baadaye, ikawasumbua watu wengi sana huko Ulaya hata ikapigwa marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vya kupakwa na kuachwa mwilini. Mafuta matupu yasiyo na maji hayahitaji dawa hiyo. Ndiyo sababu kitu cha bei ndogo kilichotengenezwa kwa vitu vichache, aghalabu, ni salama kwa mtu kama mimi kuliko chupa ya fahari yenye vitu thelathini.

Lakini utafanyaje pasipo maandishi? Hapo ndipo mashaka yetu yanapotofautiana na ya watu wa Ulaya. Katika mitaa ya Kitale na Bungoma sabuni ya maji huuzwa kwa kupimwa kutoka mtungi wa plastiki, ikatiwa katika chupa iliyokuwa ya soda. Aliyeitengeneza ni mama fulani nyuma ya nyumba yake, anayesomesha watoto kwa sabuni hiyo, nami simlaumu hata kidogo. Ila chupa imeandikwa soda. Hapo hapana la kusoma. Pana kuuliza tu, na kama muuzaji hajui, kuacha. Mimi niliamua kufua kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato na kusuuza mara tatu. Nguo za mitumba huzifua kabla ya kuzivaa hata zikionekana safi, maana hujui zilitiwa nini safarini.

Na kila kipya cha kujipaka hukijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku saba hata kumi na nne. Hili hata wewe waweza kulifanya. Lakini usikosee: jaribio hilo ni la vitu vya kupakwa na kuachwa, kama mafuta. Usipake sabuni ukaifunga kwa kitambaa, maana sabuni iliyofungwa itamchoma mtu ye yote, nawe utadhani umeona mzio kumbe umeona moto.

Mkono mmoja ulipona kabisa. Wa pili, mahali pa saa, ulikataa, na masikio nayo. Daftari likasema kwamba yuko adui wa pili. Mwaka 2004 nilipata nafasi ya kwenda Nairobi kwa daktari wa ngozi, akanibandika mgongoni vibandiko vidogo vyenye vitu mbalimbali, kila kimoja mahali pake, akaviondoa baada ya siku mbili na kunitazama tena siku ya nne. Njia hiyo ni ya zamani. Aliyeitangaza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1895 ni Mjerumani Josef Jadassohn, aliyeona kwamba wagonjwa waliodhurika kwa dawa ya zebaki walitoa vipele mahali pale pale ilipobandikwa. Mgongoni kwangu vilitokea vidonda viwili: manukato, na nikeli.

Nikeli, msomaji, ndiyo madini inayoamsha mizio ya ngozi kuliko nyingine zote duniani, na watu wengi huipata kwa kutoboa masikio na kutia herini za bei rahisi. Mimi nilitoboa nikiwa na miaka kumi, sokoni. Imo katika vifungo vya suruali, vishikizo vya mishipi, saa, funguo na sarafu. Yako maji ya kupimia: hutonewa penye pamba, pamba ikasuguliwa juu ya chuma, na ikigeuka rangi ya waridi ujue nikeli inatoka. Naona ni mzaha wa dunia kwamba waridi limenifuata hata huko. Kifungo cha sketi nilikishonea kitambaa kwa ndani. Watu hupaka rangi ya kucha juu ya chuma, nayo husaidia kwa siku chache kisha hubanduka.

Unaweza kusema kwamba haya ni mashaka ya wanawake na vipodozi vyao. Ngoja nikuambie habari za mjomba wangu. Alikuwa fundi mwashi mjini Bungoma, mikono yake imejenga maduka ambayo bado yamesimama. Akiwa mtu mzima vidole vyake vilianza kupasuka hata hakuweza kushika mwiko. Akaambiwa amerogwa na fundi mwenzake, na undugu wa miaka mingi ukavunjika kwa neno hilo. Katika saruji imo kromi kidogo ya namna inayoyeyuka katika maji, nayo ni adui mkubwa wa waashi duniani kote. Denmark ilianza mapema katika miaka ya 1980 kutia chumvi ya chuma katika saruji ili kuivunja nguvu kromi hiyo, na tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya umekataza saruji yenye zaidi ya sehemu mbili zake katika kila sehemu milioni. Sehemu mbili katika milioni! Kwa kiasi hicho fundi hupoteza kazi au huiokoa. Mjomba aliacha uashi akawa seremala. Hata viatu vyake vya ngozi vilimsumbua, maana ngozi nyingi za viatu husindikwa kwa kromi. Tulipojua sababu, yule mwenzake alikuwa amekwisha kufa, na mjomba alikwenda kaburini kwake peke yake. Alichosema huko hakutuambia.

Na wewe binti utakayealikwa harusi huko pwani, hina yenyewe, ile ya majani inayotoa rangi nyekundu, mara chache hudhuru. Jihadhari na piko, ile nyeusi sana, maana aghalabu hutengenezwa kwa rangi ya nywele, ambamo mna kitu kiitwacho parafenilenidiamini. Malengelenge yake hufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, na aliyekwisha kuumwa nayo huenda asiweze kutia nywele zake rangi maisha yake yote.

Limebaki jambo moja, nalo lilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Sikumwambia mama. Kila alipokuja kunitembelea Kitale alileta mahindi mabichi, vitunguu, na kopo la waridi. Alipokuwapo nilimshukuru, alipoondoka nililiweka nyuma ya kabati. Ningemwambiaje? Alikuwa ameuza vitunguu ili nisinuke moshi. Kumwambia kwamba zawadi yake ndiyo iliyonipa jina la Kenge kuliniona kama kumtia mzigo mzee asiyeweza kuutua. Hivyo nilimficha ukweli miaka sita, nikijiita mwenye huruma. Leo naona kwamba ilikuwa woga pia.

Mwaka 2005 alikuja nikiwa shuleni. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa bure. Akaamua kusafisha kabati. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, na mbele yake makopo kumi na moja yamepangwa mstari, yote mazima, hayajafunguliwa.

"Mwanangu," akasema, "kumbe huyapendi."

Nikakaa chini kando yake. Nikamwonyesha mahali pa kiwiko, nikamweleza habari za tabibu, za daftari, za mgongo wangu kule Nairobi. Nilisema haraka, na kila mara nikirudia kwamba mafuta yenyewe hayana kosa, ni ile harufu tu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua kopo moja, akalifungua, akanusa kwa muda mrefu.

"Na ule mwaka wa macho kuvimba?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulipokuwa ukilia usiku?"

"Ndiyo."

Alilifunga kopo. Kisha alinishika mikono yote miwili, akaigeuza juu na chini, akaipapasa kidole kwa kidole kama anayechagua vitunguu. Usiku hatukusema zaidi. Asubuhi aliyafunga yale makopo kumi na moja katika leso, akasema atawagawia majirani wasiodhurika, maana vitu vilivyonunuliwa kwa fedha havitupwi.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Chwele siku ya soko, nikamwona kwa mbali kabla hajaniona. Alisimama mbele ya meza ya muuza vipodozi, anafungua kopo moja baada ya jingine, anatia pua ndani, anafunga, anasukuma kando. Yule kijana muuzaji uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Mama, wanunua au wanusa?"

"Nanusa kwanza," akajibu, bila kuinua kichwa. "Kisha wewe uliyesoma utanisomea nyuma hapa pameandikwa nini. Taratibu. Neno kwa neno."